Stara ya Daktari Fikirini

Tii-ti-tii, taa-ta-taa! Tii-ti-tii, taa-ta-taa!

Siwema aliusikia wimbo wa taifa kabla hajaona chochote, maana alikuwa amejifunika kanga usoni, akiiba usingizi wa mchana kwenye kiti cha wodi ya wanaume. Akasimama palepale, kanga bado usoni, mikono imenyooka ubavuni. Katika nchi ya Tulieni mtu husimama kwanza, kuamka baadaye. Sheria ni kwamba wimbo wa taifa ukilia, kila mwenye miguu awe wima, mikono chini, mdomo umefungwa. Na asiye na miguu awe na sura ya mtu aliyesimama.

Kanga ilipodondoka, akaona wodi nzima imetii. Kijana aliyefungwa mguu wa plasta kwenye kamba alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ukining'inia hewani. Mzee wa kitanda cha mlangoni, aliyekuwa akikata roho tangu asubuhi, alikuwa ameahirisha kwanza. Hata Machano, mumewe, mkwezi wa minazi aliyetoka kupasuliwa ngiri, alikuwa wima kando ya kitanda, mshono ukimvuta mpaka macho yamemtoka.

Wimbo ukakatika. Watu wakaporomoka vitandani.

"Redio ya nani hiyo?" aliuliza Nesi Rehani, akiingia mbio. "Izimeni, mtaniulia wagonjwa!"

Hakuna aliyekuwa na redio. Wakatafuta chini ya vitanda, ndani ya makabati, hata kwenye mabakuli ya uji. Ghafla wimbo ukaanza tena, na wote wakasimama tena. Safari hii Siwema alikuwa bega kwa bega na mumewe, akahisi kitu kinamtetemesha kiunoni.

"Machano," alinong'ona bila kufungua midomo, "ni wewe unayeimba?"

"Si mimi, mke wangu," Machano alijibu, meno yameumana. "Linaimba tumbo."

Ulipokatika, Nesi Rehani akafunua shuka. Chini ya ngozi, karibu na mshono, kitaa cha kijani kilikuwa kinawaka na kuzima. Nesi akaweka mkono mdomoni.

"Simu ya Daktari Fikirini! Ameitafuta mpaka kwenye jokofu la maiti!" Akamtazama Machano aliyekuwa anahema kama aliyetoka mbioni. Huruma ikamjaa, akafungua kinywa. "Po..." Akageuka haraka, akaangalia kama kuna mtu mlangoni, akameza mate. "Po... pongezi, kaka yangu. Pongezi sana."

*

Msomaji wa nchi nyingine huenda akauliza kwa nini nesi alikosa neno la kumwambia mgonjwa. Huko kwenu mambo bado hayajapangwa. Tulieni wameshapanga.

Zamani madaktari wa Tulieni hawakuwa na bima ya makosa. Matokeo yake walikuwa waoga kupindukia. Daktari alikuwa haoni aibu kufungua kitabu kile kile mara mbili. Alikuwa anamwita mwenzake na kumuuliza, "Hebu tazama na wewe." Wengine walifikia hatua ya kumsikiliza mgonjwa. Kwa uoga huo wagonjwa walikuwa wanapasuliwa kwa kuchelewa mno, na takwimu za nchi zilikuwa zinatia aibu mbele ya wageni.

Ndipo Mheshimiwa Bahatisha Lumbi, Waziri wa Afya na Sifa, alipoanzisha Shirika la Bima ya Stara. "Daktari ni binadamu," alisema siku ya uzinduzi, "na binadamu akivuliwa nguo mbele za watu, hawezi kufanya kazi. Kwa hiyo serikali yenu sikivu imeamua kumvisha." Kila daktari akapewa mshipi wa kijani wa kuvaa begani, unaoitwa Stara. Anayeuvaa hashtakiwi, halaumiwi, haulizwi. Mchango wake wa bima akawa anaulipa mgonjwa, kwa hoja ambayo hata wapinzani walishindwa kuijibu: bila mgonjwa, daktari hawezi kukosea; kwa hiyo chanzo cha makosa ni mgonjwa. Na fidia? Fidia ipo, tena nono. Daktari akilalamikiwa, Stara humlipa daktari kwa usumbufu wa kulalamikiwa.

Sharti lilikuwa moja tu. Daktari asiseme "pole."

Wanasheria wa Stara walilipima neno hilo wakaona ni hatari. Anayesema pole anajua kuna maumivu. Anayejua maumivu anajua chanzo. Anayejua chanzo amekiri. Siku daktari atakaposema pole mbele ya watu, kosa litakuwa limezaliwa, na mshipi utavuliwa hapohapo. Kwa tahadhari neno hilo likaondolewa hospitali nzima, kwa wauguzi, wapishi na walinzi. Baadaye mwanasheria mmoja mwenye macho makali akagundua kwamba hata "polepole" ina pole mbili zilizojificha ndani yake. Ikapigwa marufuku nayo. Wabeba machela wakafundishwa kusema "taratibu." Ndugu waliokuja kutazama wagonjwa walisimamishwa getini, wakazimaliza pole zao zote hapo nje, wakizirusha juu ya ukuta kama watu wanaotupa maembe, ndipo wakaruhusiwa kuingia kimya. Ndani, aliyefiwa aliambiwa "hongera kwa kuvumilia."

Tangu hapo operesheni zikawa nyingi. Kwa kweli zilikuwa nyingi kuliko wagonjwa.

*

Siwema alimkuta Daktari Bingwa Fikirini Makombe ofisini, mshipi wa kijani begani, mikono juu ya meza. Nyuma ya kiti chake, kama kivuli kilichovaa tai, alikaa Bwana Idarusi, afisa wa Stara, ambaye kazi yake ilikuwa kuyakagua maneno ya daktari kabla hayajatoka.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama. Hongera."

"Hongera ya nini?"

"Ya chochote."

"Simu yako imo tumboni mwa mume wangu."

Daktari akaruka kwenye kiti, uso umechanua. "Imeonekana! Haijakwaruzika? Kioo kizima?"

"Kioo sijakiona, baba. Kuna ngozi juu yake."

"Ngozi si mbaya, inazuia vumbi. Sasa sikiliza, mama. Mwambie alalie ubavu wa kulia, asiikandamize kamera. Na ikilia mfululizo asishtuke, huyo ni nyumba ndogo yangu, ana kisirani. Betri isikutie wasiwasi. Betri zinazoisha ni za raia."

"Nimekuja umfungue uitoe. Hawezi kuendelea kusimama na mshono mbichi kila mpenzi wako anaponuna."

Bwana Idarusi akakohoa na kusogea mbele. "Mama, tuanze na msamiati. Hiyo simu haikusahauliwa. Imehifadhiwa."

"Na mume wangu ni nani?"

"Mhifadhi."

"Mhifadhi anaumwa, bwana. Tumbo limekuwa gumu kama dafu."

"Basi anahifadhi kwa bidii." Idarusi akatabasamu kwa upole aliosomea. "Elewa utaratibu. Tumbo lililofungwa bila kosa halifunguliwi, kwa sababu kulifungua ni kuishambulia operesheni isiyo na hatia. Litafunguliwa tu kosa likikiriwa, na atalifungua yuleyule aliyelifunga. Na kosa hukiriwa kwa lile neno."

"Lipi? Pole?"

Wanaume wawili wale wakaziba masikio kwa pamoja, kama waliopigiwa baruti.

"Neno moja tu," alisema Siwema. "Sitaki nyumba yako, sitaki gari lako. Litamke, mume wangu apone, niende zangu."

Daktari Fikirini akatoa mikono masikioni. Akamtazama Siwema, kisha akautazama mshipi wake, akaupangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Mama, wakwezi wa minazi wako wengi," alisema. "Stara ni moja."

Siwema aliingia ofisini mle akitaka tiba. Alitoka akiwa anataka vitu viwili: tumbo la mumewe lifunguliwe, na mtu yule avuliwe mbele za watu. Alipofika kwenye korido hakuwa na uhakika ni kipi anakitaka zaidi, na hilo halikumtisha.

*

Sasa, ikumbukwe kwamba Siwema hakuwa mwanamke wa kuonewa akaenda kulia jikoni. Alikuwa kiongozi wa Pilipili Kichaa, kikundi cha waimba mipasho ya harusini. Palipokuwa na bibi harusi mwenye wifi mchokozi, Siwema ndiye aliyekodiwa. Na kuna mawifi mjini mpaka leo wanapita njia ya nyuma ya msikiti kwa sababu ya wimbo mmoja tu.

Akaanza na njia za kawaida. Mtulieni aliyelelewa na mama yake haoni mtu akijikwaa bila kusema pole. Humtoka mwenyewe, kama chafya. Kwa hiyo Siwema akajikwaa kwenye ngazi za daktari, akaanguka kifudifudi, kikapu huku, viatu kule.

"Hongera kwa kuanguka," alisema Daktari Fikirini, akamruka.

Kesho yake akapiga chafya mbele yake mpaka machozi. "Hongera kwa mafua." Akabeba mzigo wa kuni kichwani, akamngoja langoni kwake akitweta. "Hongera kwa nguvu." Akamwendea amevaa kaniki, akamwambia mama yake mzazi amefariki. Midomo ya daktari ikatetemeka kidogo, Siwema akasogea karibu. "Hongera," alisema daktari, "kwa kuwa naye siku zote hizo."

"Unajisumbua, shoga," Nesi Rehani alimwambia wakiwa wamejibanza nyuma ya chumba cha kufulia. "Wamefundishwa hao. Stara iliwaajiri vikongwe wa mji mzima, kazi yao kuanguka mbele ya madaktari kutwa. Anayeponyokwa na lile neno anarudia darasa. Fikirini aliongoza."

Siwema akachukua wenzake wa Pilipili Kichaa na matari, akaenda chini ya dirisha la daktari mchana kweupe, akamwimbia:

*Mkono wako mwepesi, ulimi wako mzito,*
*Wakata watu kwa kasi, washona kama mtoto,*
*Nataka neno rahisi, si zawadi wala vito,*
*Usipolitoa basi, nitalivuta kwa moto.*

Mji mzima ukaukariri. Watoto wakauimba shuleni. Daktari akafunga dirisha, na Stara ikamlipa fidia ya kelele.

Wakati huo tumbo la Machano lilikuwa likivimba. Mshono ukawa mwekundu, kisha ukaanza kutoa maji yenye harufu. Usiku homa ilimfanya azungumze na minazi kwa majina. Na nyumba ndogo ya daktari haikukoma kupiga.

"Usaha umeanza," alinong'ona Nesi Rehani. "Wiki hii isiishe hajafunguliwa. Ikiisha, dada yangu, tafuta sanda."

*

Siku hiyohiyo ikaja habari njema kwa taifa: Daktari Fikirini angetunukiwa Nishani ya Mkono Mwepesi, kwa kuwa ndiye aliyepasua watu upesi kuliko wote. Mheshimiwa Waziri angemvisha mwenyewe, kwenye jukwaa la uwanja wa hospitali. Na kwa kuwa sherehe haipendezi bila mfano hai, mgonjwa aliyepasuliwa upesi kuliko wote angebebwa jukwaani kwa machela aonwe na wananchi. Mgonjwa huyo alikuwa Machano.

Siwema alikaa ukingoni mwa kitanda, akamfuta mumewe jasho kwa ncha ya kanga.

"Machano, ile ngazi ya jukwaa ni ndefu. Watakubeba watu wanne."

"Najua."

"Simu ikilia wakiwa katikati ya ngazi, sheria inawataka waweke mikono chini."

Machano akafumba macho. Siwema akadhani amezirai. Kisha akaona mumewe anacheka, kicheko kisichotoka kwa sababu ya maumivu.

"Namba yake unayo?"

"Iko kila nguzo ya umeme. 'Zahanati ya Fikirini, tunapasua hadi sikukuu, piga namba hii.'"

"Na mimi nitaanguka."

"Utaangukia kanga. Nitawapanga Pilipili Kichaa wote chini, wamezishika mbili mbili. Lakini ukisema hutaki, mume wangu, siipigi. Ni mwili wako."

"Siwema, mimi nimeanguka minazi mirefu kuliko mabega ya hao," alisema Machano. "Nikianguka safari hii, nataka nianguke na mtu."

*

Uwanja ulifurika. Walikuja wenye nishani na wenye magongo. Alikuja Mzee Haji Tindo, aliyekwenda kung'olewa jino akarudi hana jicho, na akaambiwa hongera kwa kubaki na jingine. Alikuja Bi Nyamvula, ambaye mwanawe alichomwa sindano ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Hawa walikaa nyuma, kimya, kama Tulieni ilivyowafundisha.

Chini ya ngazi walijipanga wanawake wa Pilipili Kichaa, kanga zimetandazwa kati yao, wakisema wanaandaa zulia la kumpokea shujaa. Walinzi wakawapongeza kwa uzalendo.

Mheshimiwa Waziri akapanda, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi watulivu! Kuna nchi ambazo daktari akikosea, mgonjwa analalamika. Sisi tumeshatoka huko. Kwetu daktari hakosei, na mgonjwa halalamiki. Anayebaki kulalamika ni marehemu, na marehemu hatujapokea malalamiko yake hata siku moja!" Makofi. "Kuna wanaouliza, kwa nini daktari akatiwe bima, na mgonjwa je? Nawajibu hivi: jogoo anayekwenda kuchinjwa mmewahi kumnunulia viatu?" Makofi yakachelewa kidogo, kisha yakaja. "Mleteni sasa shujaa wetu wa kuhifadhi!"

Wabeba machela wanne wakamwinua Machano. Daktari Fikirini alisimama juu ya ngazi, mshipi wake wa kijani umepigwa pasi, macho hayamtazami mgonjwa usoni bali tumboni. Siku zile zote alikuwa hajaiona simu yake, na humo ndimo yalimokuwa maisha yake: zahanati, wateja, picha, nyumba ndogo. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Walipofika katikati, Siwema akaingiza mkono kifuani, chini ya kanga, akabonyeza.

Tii-ti-tii, taa-ta-taa!

Uwanja mzima ukasimama wima. Waziri akanyooka. Bwana Idarusi akanyooka. Wabeba machela wakatazamana, jasho likawatoka. Mikono yao ilikuwa juu, na sheria ilikuwa inaitaka chini. Wa kwanza akaachia. Machela ikalala upande. Machano akaanza kuteleza.

Vikongwe wangeanguka kwa mamia, Daktari Fikirini asingetikisika. Misiba ingepita, asingepepesa. Lakini darasani hawakuwahi kumwangushia simu yake mwenyewe. Alinyoosha mikono yote miwili, akatoa sauti iliyofika mpaka sokoni:

"Polepole! Polepole jamani, simu yangu!"

Machano akatua kwenye kanga. Wanawake wakayumba naye, wakamshika, wakamlaza chini. Wimbo ukakatika. Watu wakasahau kuketi.

"Mmesikia?" Siwema alipanda ngazi, kanga imefungwa kiunoni. "Au niwaimbie?"

Bwana Idarusi akawahi kipaza sauti. "Ndugu wananchi, lililosikika ni neno la kawaida lenye maana ya taratibu..."

"Kama ni la kawaida, mbona mlilipiga marufuku?" Siwema alimkatiza. "Tangazo si lako lile, Bwana Idarusi, limebandikwa mpaka chooni? Si nyinyi mliosema ndani ya polepole kuna pole mbili? Amesema polepole mara mbili mbele ya Waziri na nchi nzima. Basi hizo pole ni nne. Ya kwanza naichukua ya mume wangu. Zilizobaki ni za nani?"

Kisha kutoka nyuma ikaja sauti ya mwanamke ambayo haikuwahi kupanda maishani mwake.

"Moja ni ya mwanangu!" alisema Bi Nyamvula.

"Na moja ya jicho langu!" akapaza Mzee Haji Tindo, akisukuma watu. "Nipisheni, nimekuja kuchukua changu!"

"Na ya mke wangu!" "Ya mguu huu!" "Umezidi wewe, zimebaki ngapi?" "Hazitoshi! Aongeze! Daktari, ongeza nyingine!"

Watu wakaanza kusogea. Hawakukimbia; walisogea kama maji yanavyopanda. Waziri akawatazama, akamtazama Daktari Fikirini, na kwa mara ya kwanza tangu ashike wizara akatambua ugonjwa bila kupima.

"Serikali yenu sikivu," alisema upesi, akirudi nyuma, "imekuwa ikimshuku mtu huyu kwa muda mrefu! Nishani tulimwandalia kama mtego! Bwana Idarusi, mvue!"

Bwana Idarusi alikuwa ameshaanza. Mkono uleule uliompangusia daktari vumbi kwa miaka ukaushika mshipi wa kijani, ukauvuta, vifungo vikaruka. Daktari Fikirini akabaki amejikumbatia mabega kama aliyevuliwa nguo zote, ingawa shati lilikuwepo.

"Bwana Idarusi," alisema kwa sauti ndogo, "na fidia yangu ya usumbufu?"

"Hongera kwa kuvumilia," alijibu Idarusi, akakunja mshipi, akautia mfukoni, akaingia kwenye gari la Waziri kabla ya Waziri.

*

Wangemrarua palepale. Mzee Haji Tindo alikwishamshika kola. Ni Siwema aliyeingia katikati.

"Bado!" alisema. "Huyu ana kazi ya kufanya kwanza. Mikono yake mtaniachia."

"Unamtetea?" aliuliza Bi Nyamvula, machozi yanamtiririka. "Wewe, Siwema?"

"Simtetei, dada yangu. Nimemkopa."

Watu wakawafuata hadi mlango wa chumba cha upasuaji, mamia yao, wakajaa korido, ngazi na ua. Hakuna aliyepiga kelele. Wengine walikaa sakafuni. Walinzi wa geti hawakuwauliza walichokuja nacho, maana walinzi wenyewe, mmoja alikuwa na dada aliyepasuliwa humo, mwingine alikuwa na baba.

Ndani, Machano alikuwa amelala chini ya taa, amepewa dawa ya usingizi. Daktari Fikirini alinawa mikono. Akamaliza, akaitazama, akanawa tena hadi kwenye viwiko. Akachukua kisu, akakirudisha, akauliza kichemshwe upya.

"Anaitwa nani?" alimuuliza Nesi Rehani.

"Machano, daktari."

"Machano," alirudia, kama mtu anayejifunza neno la kigeni. Kisha akageuka kwa Siwema, aliyesimama karibu na bega lake, lile lililokuwa na mshipi. "Mama... pole. Nasema kweli. Pole sana."

"Neno hilo nilikuwa na shida nalo jana," alisema Siwema. "Leo nina shida na mkono."

Kisu kikaletwa, kimechemshwa upya. Daktari akakipokea. Nyuma ya mlango mtu akakohoa, kisha mwingine, kisha korido yote ikawa kimya tena, kimya cha watu wenye muda. Kisu kikagusa ngozi. Siwema akasogea mpaka pumzi yake ikawa inamfikia daktari sikioni, akasema kwa sauti ambayo Nesi Rehani aliisikia na walioko mlangoni waliisikia:

"Daktari Fikirini, nisikilize huku unakata. Stara imekuvua. Waziri amekukana. Bima uliyobaki nayo duniani ni mimi. Machano akifungua macho, nitatoka mbele yako, nitasimama kati yako na wale, na atakayetaka kukugusa atanigusa mimi kwanza. Asipoyafungua, nakuahidi mbele yake alivyolala hivi: mlango huo nitawafungulia kwa mkono wangu mwenyewe, na wa kwanza kukurukia nitakuwa mimi."